Siku moja tu Zanzibar na bimkubwa, Mji Mkongwe asubuhi na hoteli ya ufukweni jioni, inawezekana?

Mjukuu wa Kondoa

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri kwa wanaoijua Zanzibar vizuri. Nataka kumpeleka bimkubwa wangu, ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia miaka nenda rudi, watoto wa watu kawakaririsha soko la watumwa na Sayyid Said na karafuu, ila yeye mwenyewe Unguja hajawahi kukanyaga na bahari kaiona Dar kwa mbali tu akiwa kwenye gari. Mwaka huu nimesema liwalo na liwe.

Ratiba iko hivi, tunashuka na treni ya SGR toka Dodoma, tunalala Dar kwa dada, kesho yake boti ya saa moja asubuhi, tunazunguka Mji Mkongwe mpaka mchana halafu tunaenda Paje hoteli ya ufukweni tunalala usiku mmoja, siku inayofuata tunarudi na boti ya jioni. Ruhusa ya kazini ndo imeishia hapo siwezi kuongeza hata siku. Yeye anataka vitu viwili, kuona pale Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, na kukaa ufukweni miguu ikiwa ndani ya maji anakunywa dafu (maneno yake hayo). Magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi.

Sasa, siku moja inatosha au nitamchosha tu? Prison Island niiweke au niache? Na kuna jamaa kazini kaniambia Paje maji yanakimbia, unafika unakuta mchanga na majani tu bahari iko kuleee, ni kweli? Maana nishatuma advansi hotelini.

Mla Bata wa Sinza

Mkuu siku moja Zanzibar ni kunusa pilau na kuondoka 😂 Prison weka bana, halafu unganisha na Nakupenda, lile fungu la mchanga katikati ya bahari, mnachomewa kamba na pweza hapohapo na picha zinatoka hatari. Hayo ya makumbusho bimkubwa atayaona hata kwenye simu.

mama_wawili

Mla Bata hivi umesoma mpaka mwisho au umeishia kwenye neno Zanzibar? Mama ana magoti. Boti za Prison mnapandia ufukweni, unaingia majini mpaka magotini ndo unakanyaga kangazi ka mbao huku boti inacheza, vijana wanakushika mkono ndiyo lakini kwa mtu mzima huo ni mtihani, na kwenye fungu la mchanga hakuna mti hata mmoja, kivuli ni cha turubai la kukodi. Mama mkwe wangu alipanda akafika salama ila jioni yote alikuwa anajikanda miguu na hoteli hakuifaidi.

Kisiwa chenyewe kizuri sibishi, wale kobe wakubwa asili yao ni Shelisheli, waliletwa 1919, wengine wameandikwa umri wao mgongoni kwa rangi. Na gereza lenyewe lilijengwa miaka ya 1890 lakini wafungwa hawakukaa, pakaja kuwa karantini ya watu wanaotoka melini. Mwalimu wa historia angependa, ila kwa siku moja acha, mwache aende na kiu.

Kuhusu Mkunazini, teksi inawashusha karibu kwahiyo kutembea siyo kwingi. Vile vyumba vya chini wanavyovionyesha kuwa vya watumwa ngazi zake ni chache ila dari iko chini sana, lazima uiname na hewa ni nzito, akikataa kushuka usimlazimishe. Kuna maonyesho yenye mabango ya maelezo hapohapo, mwalimu utamtoa kwa shida. Nje kuna ile sanamu ya watumwa watano wamesimama ndani ya shimo, ya yule mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs, ya 1998, minyororo ya shingoni ni ya kweli siyo ya kuchonga. Ndani ya kanisa lililojengwa hapohapo wanakuonyesha altare ilipo, inasemwa hapo ndo palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Soko lilifungwa 1873 na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo. Mpe muda akae kwenye benchi. Mimi niliona wazee wengi wakitoka mule hawataki kuongea na mtu kwa dakika kadhaa, sasa kijana ukianza kuharakisha "mama twende picha" utamuudhi.

Pwani Kaskazini

Bro hamisha hoteli haraka, nenda Nungwi au Kendwa. Kule bahari ina kina kuanzia karibu, maji yakipwa yasipwe unaogelea. Na Kendwa unaona jua linazama baharini laivu. Paje jua linazama nyuma yako kwenye minazi huko. Watu wanaenda Paje kwa sababu ya wale wazungu wa kuruka na tiara juu ya maji, sasa bimkubwa atarukaje?

Mkaazi wa Kikwajuni

Assalaam aleikum. Huyo mwenzio wa kazini hajakudanganya ila kakwambia nusu. Maji ya Paje yanatoka, tena yanatoka kwelikweli, mpaka kule kwenye mwamba mawimbi yanakopasukia, lakini yanarudi na yana saa zake. Watu wengi wanaolalamika "nimefika sikuona bahari" wamekuja saa siyo, basi, wangekaa masaa sita wangekimbia wenyewe.

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kiasi ya tarehe 1 mpaka 3 na 14 mpaka 17, hayo ni maji ya bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana. Siku hizo yanajaa kiasi ya saa kumi jioni, na asubuhi kiasi ya saa nne yanakuwa yametoka kabisa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukifika tarehe 7, 8 au 21, 22 ndo maji mafu, mambo yanageuka, yanajaa saa nne asubuhi na jioni saa kumi yameshatoka, ila hayaendi mbali kama ya bamvua. Kwa hivyo swali siyo Paje au Nungwi, swali ni unakuja mwezi ukiwa wangapi. Tuambie.

Mjukuu wa Kondoa

Waaleikum salaam. Aisee hii elimu sikuwa nayo kabisa. Nimeenda kwa jirani ana kalenda ukutani, siku tunayofika inaangukia tarehe 15. Kwahiyo maji yanajaa saa kumi jioni?

Mkaazi wa Kikwajuni

Umepata siku kama uliichagua. Sikiliza basi.

Asubuhi mnafika Malindi, bandarini hapa Unguja, kwenye saa tatu, bahari kule Paje iko mbali haina faida na nyie, nyie muko mjini. Mnakunywa chai, mnakwenda Mkunazini kabla jua halijapanda. Mkitoka hapo Darajani iko karibu, soko la 1904, mtembeze kidogo upande wa viungo usimpitishe upande wa samaki kama hajazoea harufu. Halafu teksi mpaka Forodhani, Ngome Kongwe mnaingia, Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kumtoa Mreno 1698, ndani kuna uwanja wa majani, atakaa kivulini. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani, iko pembeni yake, ya Sayyid Barghash, 1883, muonyeshe kwa nje tu, Disemba 2020 ilibomoka upande mmoja kwa hivyo usiweke kwenye ratiba kuingia ndani. Vichochoro vya Shangani mtembeze kidogo tu aone milango, gari haziingii mule na mawe yanateleza.

Mkila chakula cha mchana mapema, saa sita na nusu mushatoka mji. Paje ni kama kilomita 50, saa nzima na zaidi kidogo kwa vizuizi vya polisi. Njiani mnapita msitu wa Jozani. Msiingie ndani, muda hauruhusu, ila mwambie dereva apunguze mwendo pale, kima punju mara nyingi wanaonekana kwenye miti ya barabarani. Hao bara hamna. Wana tabia ya kula mkaa, wanaokota kwenye majiko na matanuri, wanasema wataalamu unawasaidia tumbo kwa sababu wanakula majani ya miembe na mikungu yenye sumu.

Saa nane hoteli. Saa tisa maji yanakuja, na yakianza kuja unayaona, unakaa tu unatizama mchanga unafunikwa. Saa kumi yako mlangoni. Na Paje kwa sababu iko mashariki, jua likishapita upande wa pili kivuli cha minazi kinaanguka palepale ufukweni, kwa hivyo bi mkubwa anaweka kiti chake kwenye kivuli na miguu kwenye maji na hakuna jua la kumchoma. Huko Kendwa saa hiyo jua linakupiga usoni.

Pwani Kaskazini

Sawa mzee umeongea, lakini jua kuzama?

Mkaazi wa Kikwajuni

Tarehe 15 kijana. Jua likizama nyuma, mwezi unatoka baharini mbele. Sasa we nenda Kendwa ukautizame huo mwezi unatokea nyuma ya hoteli.

Pwani Kaskazini

😂😂 nimekubali, ila kwa tarehe 22 tutarudi hapahapa tubishane

Mswahili wa Nyali

Nimecheka na huyo mzee. Hata sisi huku Mombasa mambo ni hayo hayo, watu wa bara waja Diani maji yametoka wanaanza kuuliza bahari imeibiwa na nani. Swali langu, Forodhani mbona hamjaitaja, ile ya vyakula vya jioni? Mimi nilidhani ndiyo Zanzibar yenyewe hiyo.

mama_wawili

Forodhani ni ya jioni, meza zinapangwa jua likikaribia kuzama, na wao saa hiyo wako Paje. Huwezi kupata vyote. Unalala mjini ule Forodhani au unalala Paje upate bahari, na mama kasema bahari. Mimi binafsi naona Forodhani inasifiwa kupita kiasi. Ile pizza ya Zanzibar iko poa, unamwona anavyotanua unga mpaka unaona mkono wake upande wa pili, anamimina yai na nyama na vitunguu anakunja juu ya chuma, moto. Ila mishikaki ya samaki inayopangwa mezani, iliyo mingi inapashwa tu, uliza kwanza imechomwa saa ngapi, na bei uliza kabla hujatia kitu kwenye sahani.

Mkaazi wa Kikwajuni

Na urojo wa kweli haumo Forodhani. Ulizeni mjini mchana, kila mtaa una mama wake. Akuwekee kachori, bajia, viazi, chipsi za muhogo juu, na chatini ya nazi. Huo mnaweza kula kabla ya kuondoka, kama siku yenyewe si ya Ramadhani. Na kama mnafika Ijumaa mujue saa sita mpaka nane maduka mengi yanafungwa kwa ajili ya sala, musije mukashangaa.

Zamani Mapokezi

Nimefanya kazi mapokezi kwenye hoteli za pwani ya mashariki miaka kadhaa, sasa niko Arusha, ngoja nikupe ya hotelini maana naona wote wamekaa kwenye bahari tu.

Kwanza piga simu leo uombe chumba cha chini, siyo ghorofani, na kilicho karibu na njia, maana hoteli nyingi za Paje njia ni mchanga mtupu na mtu wa magoti mchanga unamchosha kuliko ngazi. Pili na hii hakuna anayewaambia wageni, uliza kitanda ni cha aina gani. Hoteli nyingi zinapenda kuweka samadari, vile vitanda vya kizamani vya kuchonga, vizuri kwenye picha ila viko juu, nimeshawahi kuwaletea wazee stuli ya jikoni usiku ili wapande kitandani. Omba kitanda cha kawaida au mwambie wakuwekee kistuli kabla hamjafika.

Chekini kwa kawaida ni saa nane mchana na kutoka saa nne asubuhi. Siku ya kutoka ongea nao vizuri mapema, mabegi wanakuwekea bure na mara nyingi wanakuruhusu kutumia bwawa na kuoga mpaka muondoke, hoteli ikiwa haijajaa hata chumba wanakuongezea masaa mawili. Ila ukisubiri mpaka saa nne kamili ndo uombe, mwenye zamu anaona kero.

Bei hakikisha umepewa ya Watanzania, na uliza kama kodi zote zimo ndani au zinaongezwa ukifika, iandikwe kwenye meseji. Beba NIDA yako na ya mama, na kwenye boti mtaulizwa hizohizo. Nimeona familia inagombana mapokezi na shangazi yuko kwenye kiti na kanga yake hajui kinachoendelea, kisa ni bei iliyosemwa kwenye simu bila maandishi. Inaharibu siku.

Chakula cha usiku agizeni mapema, mkifika tu, pwani ile jikoni hawana haraka na mtu, samaki anakuja baada ya saa nzima na wao wanaona ni kawaida.

Mla Bata wa Sinza

Hii ya samadari nimeipenda. Haya mimi nimeshindwa nakaa pembeni, ila bandarini mkishuka kuna papasi, watawazonga, mzigo huyu anavuta teksi huyu anavuta hoteli huyu. Mkuu panga dereva kabla, akusubiri nje na jina lako, bei mmeshakubaliana ya siku nzima mpaka Paje. Daladala zipo, 309 inaenda Jambiani inapita hapo Paje, mimi ndo naitumia, ila kwa mama na mabegi na magoti usijaribu, mle ndani mnabanana mpaka mnajuana ukoo.

Mjukuu wa Kondoa

Jamani nimeshiba. Nimeshapiga simu hotelini na kweli chumba walichotuwekea kilikuwa cha juu, wamebadilisha wametupa cha chini, na kitanda ni hicho hicho cha samadari kasema atatafuta kistuli 😂 Prison nimefuta. Bimkubwa nimemsomea maelezo ya mama_wawili ya Mkunazini kanyamaza kidogo halafu kaniuliza kama kamera inaruhusiwa.

Mawili ya mwisho. Siku ya pili asubuhi tufanye nini kabla ya boti, kama maji yatakuwa yametoka? Na dafu hotelini bei ikoje, kuna mtu kaniambia wanauza kama soda tatu.

mama_wawili

Dafu nunueni nje, barabarani pale Paje kuna wauzaji, anakukatia mbele yako na ukimaliza anapasua unakula na nyama yake, mchukue mawili matatu mkiwa mnafika mwende nayo, sehemu nyingi hawana shida ukiongea nao. Picha nyingi za nje zinaruhusiwa, ndani aulize, mhudumu yupo.

Mkaazi wa Kikwajuni

Siku ya pili maji yatakuwa yametoka saa tano kasoro hivi, na hiyo ndo bahati yenu ya pili, kwa sababu bamvua ndo kina mama wa mwani wanashuka kazini. Mkishakunywa chai saa tatu shukeni taratibu, hamna haja ya kwenda mbali, vitalu vya karibu vinaonekana, vijiti viko kwenye mistari na kamba zimefungwa mwani. Kilimo hicho kwa biashara kilianza huku Paje na Jambiani 1989, wengi waliosomesha watoto vijiji hivi wamesomesha kwa mwani. Siku hizi kuna wanaotengeneza sabuni na mafuta, anunue kwao akitaka zawadi.

Mama asivae kandambili, zinanasa kwenye mchanga mlaini, mnunulie yeboyebo zinazoshika mguu, na wewe pia, kwenye vidimbwi kuna wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu, mwiba wake ukivunjikia ndani ya unyayo safari imekwisha. Na kabla ya kupiga picha kina mama salimieni kwanza na muombe, wameshachoka kupigwa picha wameinama na watu wasiosema hata hujambo. Mwalimu mstaafu nadhani hilo hahitaji kufundishwa, namwambia wewe.

Saa sita ondokeni Paje, boti ya jioni ni kwenye saa kumi kasorobo na bandarini mnatakiwa mapema. Mkiwa na nusu saa mjini mwambie dereva apitie Forodhani, maji yatakuwa yanajaa, vijana wataanza kuruka ukutani kuingia baharini, wengine wanapinduka hewani mara mbili. Hiyo haina kiingilio na anaitizama akiwa amekaa ndani ya gari.